Nilikwama chooni karibu saa nzima, na binti yangu anaondoka mwezi ujao

SWALI

Shikamoo dada. Hapa naongea na simu inaandika yenyewe, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya naomba univumilie, vidole vyangu kuandika ujumbe mrefu haviwezi tena.

Mimi ni mama wa miaka 57, nipo Tanga, Makorora. Baba watoto alishatangulia mbele ya haki. Nakaa kwenye nyumba waliyotuachia wazazi, vyumba viwili nimepangisha, kila kimoja elfu 30 kwa mwezi, na mtoto wangu wa kiume yuko Dar ana familia yake, akipata ananitumia laki, mwezi mwingine hana na simlaumu. Nipo na kitinda mimba wangu, binti wa miaka 22.

Huu ugonjwa umeanza mwaka wa sita sasa. Mwanzo nilidhani ni uchovu manake nilikuwa napika vitumbua vya kuuza, naamka saa tisa usiku, nikajua ni moto na maji baridi vimenishika. Vidole vikaanza kuvimba, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, asubuhi siwezi kukunja ngumi mpaka saa nne. Baadae magoti. Hospitali walinipima damu wakasema ni baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo vyenyewe, nikaanza dawa na kweli zinasaidia, sio kama mwanzo, lakini vidole viwili vimeshapinda na goti la kushoto halikunji vizuri.

Sasa dada mimi nilikuwa mtu wa kazi. Baiskeli nimepanda toka mtoto, mpaka Mgandini sokoni naenda narudi na nazi kwenye kapu. Leo hii sidiria nafungwa na mwanangu. Mgongo nasuguliwa na mwanangu. Ndoo ya maji anabeba yeye, nazi anakuna yeye, nguo anakamua yeye, hata kile kifuniko cha kopo la dawa anafungua yeye na kunihesabia. Na choo chetu ni cha nje, cha kuchuchumaa.

Mwezi uliopita binti alienda sokoni nikaingia chooni, nikamaliza, nikashindwa kunyanyuka. Goti limegoma, mkono hauna nguvu ya kusukuma ukuta. Nilikaa pale karibu saa nzima. Nilikuwa naona aibu kuita kwa sababu mpangaji wangu mmoja ni mwanaume. Mwisho mtoto wa mpangaji mwingine akanisikia nalia akamwita mama yake. Toka siku hiyo mchana sinywi maji, nasubiri usiku mwanangu awepo ndo nakunywa. Hilo sijamwambia mtu yeyote.

Na sasa binti amepata kazi Dodoma. Kazi nzuri, alisomea, kahangaika miaka miwili kuitafuta. Anatakiwa aripoti tarehe moja mwezi ujao. Jana usiku ananiambia mama mimi siendi, nitatafuta kitu hapahapa Tanga. Nimelia usiku kucha. Sitaki niwe sababu ya mwanangu kukaa.

Kaka yake anasema nihamie kwake Dar. Dada, pale kwake ni vyumba viwili, ghorofa ya tatu, hakuna lifti, mkewe ni mtu mzuri sana lakini na yeye ana watoto watatu, nitakaa wapi? Halafu mwaka jana katika kuhangaika kunisaidia akaninunulia kiti cha magurudumu, kaenda dukani kaambiwa hiki ndo kizuri kwa wagonjwa wa viungo, kalipa hela nyingi tu. Kile kiti hakipiti kwenye korido yetu, na uani ni mchanga, magurudumu yanazama. Sasa hivi tunaanikia nguo. Kila akipiga simu ananiuliza kiti kinakusaidia mama, namjibu kinanisaidia.

Majirani nao wana lao, mara nimekuwa mvivu, mara nimetupiwa jini, mmoja kaniambia mbele ya watu eti mbona kuna siku unatembea vizuri.

Naomba unisaidie mambo matatu. Ni vitu gani hasa natakiwa kuwa navyo humu ndani ili niweze kujihudumia? Navipata wapi kwa hela yangu hii? Na mtu wa kunisaidia nampataje bila kumfunga mwanangu? Nataka nibaki kwangu.

Mama wa Makorora

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilisoma nikiwa nimeshika vidole vyangu mwenyewe, manake nilikuwa nesi miaka 31 na haya mambo yalinianza nikiwa bado wodini, najua asubuhi ya kushindwa kufunga vifungo vya yunifomu ilivyo.

Binti aende Dodoma. Muda uliobaki mpaka tarehe moja unatosha kabisa kuitengeneza nyumba ili uweze kubaki, tena yeye akiwepo ndo vizuri zaidi, atakusaidia kupima na kusimamia mafundi. Mwambie hivyo leo, usimwambie tu nenda, mwambie kaa na mimi tupange haya mambo kisha uende. Mtoto akiona kuna mpango roho yake inatulia.

Ila kabla ya yote, rudi kunywa maji mchana. Kuanzia leo. Joto la Tanga hilo na dawa unazomeza, ukijinyima maji unaumiza figo, unapata haja ngumu, na haja ngumu ndo inakufanya ukae chooni muda mrefu zaidi. Mpaka choo kitakapotengenezwa, ukiingia usikomee mlango, weka kanga mlangoni iwe alama kwamba kuna mtu, ingia na simu shingoni kwenye kamba, na kubaliana na yule mama mpangaji aliyekutoa siku ile kwamba ukimbipu anakuja. Alishakuona katika hali hiyo na hakukuumbua, huyo ni mtu wako.

Sasa choo chenyewe, na hapa nitakaa sana kwa sababu ndo kimebeba kila kitu. Watu wengi wanafikiri lazima uvunje ujenge choo cha kukaa. Ukiwa na uwezo ni sawa, lakini hata bila kuvunja unaweza. Unahitaji kiti chenye tundu katikati kinachosimama juu ya lile sinki la kuchuchumaa. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, sio lazima duka la vifaa vya hospitali. Mwambie unataka akutengenezee kiti cha chuma chenye miguu minne iliyopanuka kidogo chini ili kisipinduke, miguu ikae kwenye sakafu ngumu pembeni ya sinki, isikae kwenye sinki lenyewe, chini ya kila mguu aweke ule mpira wanaoweka kwenye magongo ili kisiteleze. Juu unaweka kile kikalio cha plastiki cha choo cha kukaa, kinauzwa peke yake madukani wanakouza vifaa vya bomba. Pembeni awekee mikono ya kushikia, kulia na kushoto. Wengine wanakata tundu kwenye kiti cha plastiki cha kawaida, mimi sikushauri, kikishakatwa kinapoteza nguvu na siku moja kinapasuka ukiwa umekaa.

Kimo chake kipime kwenye mwili wako. Kaa kwenye kiti, mguu umekanyaga chini vizuri, binti achukue futi apime kutoka sakafuni mpaka pale nyuma ya goti linapokunja, halafu aongeze kama vidole vitatu. Kiti kikiwa juu kidogo goti halilazimiki kukunja sana na kunyanyuka kunakuwa rahisi. Kikiwa kifupi umerudi kulekule.

Ukutani weka bomba la kushikilia. Bomba la chuma la inchi moja linatosha, unene wake ule mkono uliovimba unaweza kuukumbatia, chuma chembamba kinakata vidole. Afunge kwa bolti kwenye ukuta wenyewe. Kama ukuta wa choo ni wa zamani na matofali yanamomonyoka basi asifunge hapo, achimbie nguzo mbili chini kwa zege alaze bomba juu yake, manake bomba likichomoka umelishika ni bora lisingekuwepo. Na ukinyanyuka usivute kwa vidole, weka kiganja au mkono mzima wa mbele juu ya bomba usukume chini, sogeza makalio mbele ya kiti kwanza, miguu irudi nyuma kidogo, inamisha kifua mbele ndo unyanyuke. Fanya mazoezi ya hivyo kwenye kiti cha sebuleni hata mara tano asubuhi na tano jioni, mapaja yakipata nguvu goti linapumzika.

Hicho kiti cha magurudumu usimchukie mwanao na usiendelee kumdanganya. Kiti cha magurudumu kina watu wake, mtu asiyeweza kutembea kabisa kinamfungulia dunia, lakini wewe unatembea, na goti linalotembea kidogo kidogo kila siku linakaa na nguvu kuliko linalokalishwa. Aliyemuuzia hakuuliza mlango una upana gani wala uani kukoje. Mwambie mwanao ukweli kwa upole, baba nashukuru, kiti hakipiti, naomba hela ya fundi wa choo badala yake. Atafurahi kujua nini kinahitajika. Watoto wetu walio mbali wananunua vitu vikubwa kwa sababu hatuwaambii vidogo. Kiti chenyewe kama hamkihitaji mahali pengine mkiuze au mmpe anayekihitaji, maana kikiendelea kuanikiwa nguo kitaoza.

Tuje kwenye maji. Ndoo ya lita 20 wewe na yeye basi, muachane. Nunua ndoo ndogo za lita 5, na zenyewe jaza nusu, ubebe kwa kuning'iniza kwenye kiwiko au uikumbatie kwa mikono miwili, usibebe kwa vidole. Lile jaba la maji fundi bomba alitoboe chini aweke koki, liinuliwe juu ya matofali ili ndoo iingie chini ya koki, hapo huinami kuchota. Na koki iwe ile ya mkono mrefu unaosukuma, ile ya kuzungusha inauma vidole vilivyopinda. Bafuni weka stuli ya plastiki nzima, kopo lenye sikio kubwa, na dodoki refu la kamba ambalo unashika huku na huku, mgongo utasugua mwenyewe. Sakafu wapake zege la kukwaruza au uweke mkeka wa mpira, watu wa viungo wanaogopa maumivu na kusahau kwamba kuanguka ndo kunawalaza kitandani moja kwa moja.

Jikoni umesema nazi. Nazi sasa hivi sokoni zinakunwa kwa mashine, mwambie anayekununulia akunishie hukohuko, gharama yake ni ndogo, ukifika unaigawa kwenye vifuko unaiweka kwenye friza la jirani kama huna lako. Kule kukaa kwenye mbuzi umechuchumaa, magoti yamekunjwa, kiganja kimebana kifuu, hakuna kazi inayowachosha watu wenye viungo kama ile. Jiko liwe juu ya meza, na wewe ukae kwenye kiti kirefu, mambo ya kuinama kwenye jiko la mkaa chini uache. Menya vitu ukiwa umekaa mezani, chini ya kibao tandika kitambaa kibichi ili kisikimbie.

Na hapa ndo nafurahi kwamba uko Tanga mji wa baiskeli. Nenda kwa fundi wa baiskeli yeyote hapo mtaani, mwombe tyubu iliyotoboka, anakupa hata bure. Ile tyubu kata vipande uzungushie kwenye mpini wa mwiko, wa kisu, wa kijiko, kwenye mswaki, mpaka unene ufikie ule ambao mkono unakaa bila kukunja vidole sana. Au chukua zile mipira za kushikia kwenye usukani wa baiskeli, zinaingia kwenye mpini wa mwiko vizuri kabisa. Kipande kingine cha tyubu weka juu ya kifuniko cha chupa, kinashika, unazungusha kwa kiganja na sio kwa vidole. Mkono uliovimba unachoka kwa sababu ya kubana, ukishika kitu kinene unabana kidogo, ndo siri yote ya hivyo vifaa vinavyouzwa bei mbaya madukani. Sufuria ya ugali iwe na masikio mawili, songa mdogo, na siku vidole vimevimba pika wali, hakuna aliyekula kiapo cha ugali.

Chupa ya chai nunua ya kubonyeza juu. Kwenye milango ya kabati na kwenye droo funga kitanzi cha kipande cha kanga, unapitisha mkono unavuta kwa nguvu ya bega. Nguo usikamue, kung'uta, tundika zikichuruzika, jua la Tanga litamaliza, na mashuka na madera mazito mlipe mtu afue. Sidiria tafuta ya kufungia mbele, au ile ya kuvuta kama singlendi isiyo na vifungo. Viatu acha ndala, kidole gumba kinafanya kazi ya kushika kila hatua, vaa raba laini yenye mkanda wa kubandika. Fimbo kama unatumia ishike mkono wa kulia, kwa kuwa goti bovu ni la kushoto, wengi wanashika upande uleule wa ubovu, na urefu wake ukisimama mkono umening'inia uishie usawa wa kifundo cha mkono. Kitanda kiinue kwa matofali chini ya miguu kama ni kifupi. Na kama kwenye swala rukuu na sijda zinakushinda swali ukiwa kwenye kiti, dini imeshatoa hiyo ruhusa siku nyingi, usijitese ukidhani imani imepungua.

Dawa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu binti ndo alikuwa anakuhesabia. Wengi wenye ugonjwa kama wako wanapewa methotreksati. Sijui kama na wewe ni hiyo, angalia kopo au umuulize daktari wako. Kama ndiyo, ile kwa ugonjwa wa viungo inanywewa mara moja kwa wiki, siku moja uliyopangiwa, sio kila siku. Mtu akikosea akanywa kila siku inaweza kumuua, inashusha chembe za damu na kuchoma mdomo na tumbo. Kwa hiyo kabla binti hajaondoka ile siku uliyopangiwa, tuseme ni Ijumaa, iandikwe kwa maandishi makubwa kwenye kopo, na kila Ijumaa akupigie simu uinywe mkiwa mnaongea. Dukani waombe wakuwekee dawa kwenye kopo lenye kifuniko chepesi. Kama unatumia predinisoloni usiiache ghafla hata siku ukijisikia mzima. Na hivi vidonge na mafuta ya kuzungushwa mitaani, kwamba vinamaliza viungo kwa siku tatu, kaa navyo mbali, visivyo na jina havijulikani ndani kimewekwa nini. Kiungo kimoja kikivimba ghafla kikawa chekundu cha moto na una homa, hiyo nenda hospitali siku hiyohiyo.

Asubuhi yako usiipigie hesabu ya kazi. Umesema mpaka saa nne mikono haikunji, basi panga siku ianze saa nne. Thermosi ya maji ya moto iwe imeandaliwa toka usiku, ukiamka weka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi, kunja na kukunjua taratibu ndani ya maji. Kazi nzito moja kwa siku, sio tatu. Siku ukijisikia vizuri ndo siku ya hatari, tunajaza kazi zote halafu tunalala siku mbili.

Mtu wa kukusaidia. Hapa mdogo wangu wewe unafikiri unahitaji mtu wa kukaa na wewe mchana na usiku, na mimi nikiangalia barua yako naona kazi ambazo kweli huwezi ni chache: maji, kufua vizito, kufagia uani, sokoni. Choo kikitengenezwa, kuoga na kuvaa unarudi mwenyewe. Hizo zilizobaki ni saa mbili kwa siku. Na una wapangaji wawili! Yule mama aliyekutoa chooni kaa naye chini, mwambie nataka tukubaliane, wewe unijazie jaba kila siku na ufagie uani, mimi nakupunguzia kodi elfu 10 au 15, mnakubaliana wenyewe. Muandike kwenye karatasi, kazi gani, kiasi gani, kuanzia lini, na kila mmoja abaki na nakala, kwa sababu urafiki usioandikwa ndo unaovunjika. Usimwombe kama fadhila, fadhila ikichoka inaisha kimyakimya. Mwingine wa kufua mara moja kwa wiki umlipe kwa kazi. Ile laki ya Dar ikija, sehemu yake ni ya huyo.

Na ndugu ukiwaomba, omba kitu chenye jina na siku. Ukisema jamani nisaidieni kila mtu anaitikia na hakuna anayekuja. Ukisema shemeji naomba kila Jumamosi uniletee samaki na nazi iliyokunwa, hiyo inafanyika. Mimi ilinichukua miaka minne kujifunza hivyo, nilikuwa nanyamaza halafu naumia moyoni kwamba hawanioni.

Hospitali, ukienda kliniki yako ijayo usiseme tu naumwa viungo. Nenda na karatasi, binti akuandikie siku yako nzima, naamka saa ngapi, nini nashindwa, nilikwama chooni tarehe gani. Muombe daktari akuelekeze kwa watu wa fiziotherapia na utengamao, yaani wanaomrudishia mtu uwezo wa kujihudumia, pale hospitali ya Bombo ulizia, na uulize kama kuna mtaalamu wa okupesheno therapi, wengi wanaita tu OT. Huyo kazi yake ni hiyohiyo tunayoongea hapa, anaangalia mkono wako unavyoshika kikombe, anaweza kukutengenezea kishikizo cha kuvaa usiku cha kupumzisha vidole, anakwambia kifaa gani kinakufaa na kipi ni kupoteza hela. Tanzania wengi wamesomea hospitali ya KCMC kule Moshi, hawajai kila mkoa, lakini muulize daktari rufaa, na kama siku moja upo Dar kwa mwanao, hospitali ya CCBRT wana huduma za utengamao pia.

Halafu nenda serikali ya mtaa wako, wakuandikie barua kwa afisa ustawi wa jamii wa jiji. Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mtu ambaye viungo vimemzuia kufanya mambo ya kila siku kwa muda mrefu hatakiwi kujiona kwamba hahusiki kwa sababu tu anatembea. Uliza habari ya kutambuliwa na kuandikishwa. Uliza pia msamaha wa matibabu kama kulipia kunakushinda, anayefanya tathmini ni yeye. Sikudanganyi kwamba utatoka pale na kiti cha choo, lakini jina lako likiwa kwenye daftari, siku msaada ukipita mtaani utatafutwa. Halmashauri inatenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya watu wenye ulemavu, ukitaka siku moja kurudi kwenye biashara ukiwa umekaa mezani ufikirie hilo. Na baada ya miaka mitatu ukifika 60 unahesabika mzee kwa Sera ya Taifa ya Wazee, ulizia mapema kitambulisho cha matibabu, usisubiri uugue.

Yule jirani anayeuliza mbona kuna siku unatembea vizuri, ndivyo ugonjwa ulivyo, leo umelala kesho umeamka, mwambie hivyo mara moja na usirudie. Wewe ulishakaa kwenye moto wa vitumbua kuanzia saa tisa usiku, ukalea watoto, wa mwisho amepata kazi. Hujamaliza nguvu kwa uvivu.

Sasa jioni hii mwite binti, kaa kwenye kiti, achukue futi apime pale nyuma ya goti. Kesho asubuhi aende kwa fundi na hicho kipimo, hela ya kianzio mpigie kaka yake, na safari hii mwambie jina la kitu unachotaka. Ukipata kiti nitumie ujumbe kwa sauti, nataka kusikia umekaa vipi.